KUACHANA KWA WEMA: TALAKA, WATOTO NA MALI

Khutba ya Ijumaa iliyotayarishwa kwa matangazo ya redio
Lukozi, Wilaya ya Lushoto

Khutba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumba wanaume na wanawake na akaijaalia ndoa kuwa makazi ya utulivu na huruma. Tunamshukuru, tunamwomba msaada, na tunamwomba msamaha wa makosa yetu. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, nanyi wasikilizaji wetu mlioko majumbani na mashambani, tunajiusia sisi wenyewe na tunakuusieni ninyi kumcha Mwenyezi Mungu. Ucha Mungu huo leo tutautazama mahali ambapo ni vigumu sana kuushika, napo ni kwenye mlango wa nyumba inayovunjika. Siku ya arusi kila mtu ni mwepesi wa kumkumbuka Mola wake. Siku ya talaka nafsi hukasirika, ulimi huteleza, na mkono hunyoosha kuchukua kisicho chake. Kwa sababu hiyo maneno mengi ya Qurani juu ya talaka yamefungamanishwa na amri ya kumcha Mungu na onyo la kutovuka mipaka yake.

Tuchukue mfano, nao si wa mtu fulani, ingawa wengi wetu tutautambua. Mume na mke wa milima hii wameishi pamoja miaka 18. Walipooana, mume alikuwa na kibanda cha udongo na shamba la mteremko alilorithi kwa baba yake, ambalo mvua za masika zilikuwa zikiuchukua udongo wake kila mwaka na kuupeleka bondeni. Mke akashika jembe. Wakachimba matuta ya ngazi, wakapanda majani ya gwatemala kwenye kingo ili yashike udongo na yawe chakula cha ng'ombe zizini. Mke akabeba samadi kichwani mwaka baada ya mwaka. Akabeba viazi, kabichi na karoti mpaka barabarani yanakopakiwa malori yaendayo Dar es Salaam. Fedha zilipokelewa na mume, kwa kuwa ndiye aliyesimama na wanunuzi. Kwa fedha hizo kibanda kikawa nyumba ya matofali iliyoezekwa bati, na shamba moja likawa matatu. Wakazaliwa watoto wanne. Kisha, kwa ugomvi wa jioni moja, ikaandikwa karatasi ya talaka, na karatasi ikapelekwa kwa mkono wa mtoto.

Kesho yake mke akarudi kwa wazazi wake na sanduku la nguo. Watu wakasema: ameachwa, mambo yamekwisha.

Ndugu zangu katika imani, mambo hayo hayajakwisha. Mbele ya Mwenyezi Mungu hayajakwisha, na mbele ya sheria ya nchi hata hayajaanza. Hilo ndilo tunalotaka lieleweke leo: karatasi ya talaka haiwezi kufuta haki ya mtu, na jambo hili lina utaratibu ambao mwenye kuuruka hudhulumu au hudhulumiwa.

Tuanze na yale ambayo dini yetu imetuamrisha. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 35, Mwenyezi Mungu ametuagiza kwamba ikihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Na kama wakitaka suluhu, Mwenyezi Mungu atawawezesha. Tuzingatie kwamba waamuzi huitwa wakati mfarakano unapohofiwa, kabla nyumba haijaanguka. Sisi aghalabu tunafanya kinyume. Talaka hutolewa kwanza, wazee huitwa baadaye, na wazee hao hukuta jivu.

Kadhalika, katika Sura ya Talaka tumeamrishwa kuihesabu eda, na tumekatazwa kuwatoa wanawake katika nyumba zao wakati wa eda, ila wakifanya uovu ulio dhahiri. Tumeamrishwa kuwaweka tunapokaa sisi kwa kadiri ya uwezo wetu, bila ya kuwadhiki. Basi yule anayemfukuza mkewe usiku ule ule aliotamka talaka amekwisha kuasi kabla hatujafika kwenye habari ya mali. Tena katika Sura ya Baqara, aya ya 229, mume amekatazwa kurejesha chochote katika yale aliyompa mkewe, isipokuwa pale mke mwenyewe anapojikomboa kwa njia ya khului. Na aya ya 241 inawapa walioachwa kiliwazo kwa mujibu wa ada. Mahari iliyobakia ni deni, na deni halifi kwa sababu mdai ameachwa.

Sasa tuitazame sheria ya nchi yetu. Sheria ya Ndoa, ambayo ni Sheria Namba 5 ya mwaka 1971, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971, nayo inawahusu watu wote wa Tanzania Bara, Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mila. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria zao na mahakama zao za makadhi zilizowekwa na Serikali. Huku Bara, kadhi anayeteuliwa na BAKWATA hutoa nasaha na uamuzi wa kidini, lakini mwenye uwezo wa kisheria wa kuivunja ndoa ni mahakama.

Hapa wengi wetu huchanganyikiwa. Mume husema: nimekwisha kutamka talaka, mahakama inanihusu nini? Tunamjibu kwamba kuhusu dini yake awaulize masheikh, nao watamwambia talaka yake imesimama wapi, ni ya rejea au si ya rejea. Lakini kwa sheria ya nchi, yeye na mkewe wangali mume na mke mpaka mahakama itoe amri ya talaka. Madhara yake tunayaona. Mwanamke ameachwa kwa dini, lakini hana hati yoyote ya kisheria. Akiolewa tena anaweza kutiwa mashakani, na akidai haki yake huambiwa hana shauri. Mwanamume naye akifa kabla mambo hayajatengenezwa, huwaachia warithi ugomvi badala ya urithi.

Sheria yenyewe haikuipuuza dini yetu. Utaratibu wake kwa waliooana Kiislamu una hatua tatu, na tunaomba zikumbukwe kwa mpango wake.

Hatua ya kwanza ni Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 kinasema kwamba mtu hawezi kufungua shauri la talaka mahakamani mpaka ugomvi wao uwe umepelekwa kwanza mbele ya Baraza, na Baraza liwe limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yapo mambo machache yaliyosamehewa, kama vile mwenzi aliyetoroka na asijulikane alipo. Baraza lipo katika kata, na sheria imeruhusu pia jumuiya ya watu kuwa na Baraza lake, na BAKWATA ina mabaraza ya namna hiyo. Mbele ya Baraza wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu. Kila mmoja husema kwa kinywa chake. Tazameni jinsi jambo hili lilivyo karibu na aya tuliyoitaja. Baraza likishindwa, hutoa hati, na hati hiyo ni lazima iwe imetolewa katika muda usiozidi miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Asiikae mtu hati hiyo sandukuni mwaka mzima.

Hatua ya pili ni talaka yenyewe. Kifungu cha 107 kinaeleza kwamba kwa waliooana Kiislamu, ikiwa Baraza limekwisha kutoa hati ya kushindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, basi mahakama itaona kwamba ndoa hiyo imevunjika kabisa na itatoa amri ya talaka. Neno kubwa hapa ni "baada ya hapo". Talaka iliyotamkwa kabla ya Baraza haikufuata njia hiyo. Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeshika kalamu kwa hasira, iweke chini. Nenda kwa wazee, nenda kwenye Baraza. Ikiwa suluhu imeshindikana, talaka yako utaitoa moja, kwa utulivu na mbele ya mashahidi, na dini yako na sheria ya nchi yako zitakwenda njia moja.

Hatua ya tatu ni mahakama. Shauri la ndoa laweza kuanzia katika Mahakama ya Mwanzo. Si lazima mtu ashuke mpaka Tanga. Hapo ndipo ndoa inapovunjwa kisheria, na hapo ndipo mahakama inapoulizwa habari ya mali, matunzo na watoto. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufani, na muda wake ni siku 45. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba katika wilaya hii hii ya Lushoto kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako wanafunzi kutoka pande zote za nchi huja kusoma sheria, na huku juu milimani yupo mama anayepoteza jasho la miaka 18 kwa kuwa hakuna aliyemweleza hatua tatu.

Tuje kwenye mali. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na mume na mke kwa juhudi zao za pamoja. Katika kugawa, mahakama hutazama mila za jamii yao; hutazama mchango wa kila mmoja, uwe ni wa fedha, wa mali au wa kazi; hutazama madeni waliyokopa kwa manufaa yao wote; na hutazama mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo, huelekea kwenye usawa. Haina maana kwamba kila kitu hukatwa nusu kwa nusu, wala haina maana kwamba jina lililo kwenye hati ndilo humaliza maneno.

Kwa muda wa miaka 12 tangu sheria hiyo kuanza, swali moja liliwagawa mahakimu na majaji: je, kazi za nyumbani ni mchango? Jawabu lilipatikana mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama za chini zilikuwa zimesema kwamba mama huyo alikuwa mke tu, na nyumba ilipatikana kwa fedha za mume. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema kwamba kazi za mke nyumbani nazo zahesabiwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Lakini tusiseme nusu ya habari. Mama huyo mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa ilionekana kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitapanya. Hivyo hukumu hiyo inawafunza wote wawili: jasho la nyumbani ni mali, na mwenye kufuja mali ya nyumba amekula fungu lake mwenyewe.

Ndugu Waislamu, wapo watakaosema: shamba hili ni la ukoo, nimerithi kwa baba, mke anaingiaje? Jawabu lake lipo. Sheria imesema kwamba mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa huingia katika hesabu ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa, wakati wa ndoa, na mwenzake au kwa juhudi zao wote wawili. Nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtambua mwenzi ambaye kwa kazi yake ameendeleza ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwenzake. Tuurudie mteremko wetu. Udongo ule ulirithiwa, ni kweli. Lakini matuta hayakurithiwa, wala majani yaliyoushika udongo, wala samadi iliyoutia nguvu. Mteremko uliokuwa ukikimbia na mvua leo unatoa magunia ya viazi. Nani aliufanya usimame? Mkono wa mke umo humo.

Na asidhani mtu kwamba fikra hii imeletwa na Wazungu. Sura ya Nisaa, aya ya 32, imebainisha kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Fikihi yetu haikumfanya mume kuwa mmiliki wa mali ya mkewe. Mali ya mke ni yake, na mwenye kuchanganya jasho na mwenzake ni mshirika wake. Katika karne ya 16, huko kaskazini ya Moroko, katika milima ya Ghomara ambako wanawake walilima, walivuna na kubeba mizigo kama wanavyofanya wa kwetu, mwanachuoni wa Kimaliki aitwaye Ibn Ardun alitoa fatwa kwamba wanawake wa namna hiyo wana fungu lao katika mazao waliyoyafanyia kazi. Moroko hata leo, katika Sheria ya Familia ya mwaka 2004, imeagiza kazi na juhudi za kila mmoja zitazamwe. Watu wa milima ile waliyaona haya kabla ya miaka 400.

Mwisho wa khutba hii ya kwanza ni watoto. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Kifungu cha 125 kimeweka kanuni kwamba jambo la kwanza na kubwa ni maslahi ya mtoto mwenyewe. Kisha hutazamwa matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto ikiwa amefikia umri wa kutoa rai yake, na mila za jamii. Mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kwamba ni heri akae na mama yake, ila ikithibitika vinginevyo. Na hakimu hutahadhari asimhamishe mtoto huku na huku. Wanachuoni wetu wa Kishafii nao wamesema kwamba mama ana haki ya kwanza ya kulea mpaka mtoto apambanue mambo, na umri huo aghalabu ni miaka saba, kisha mtoto huhiarishwa. Sheria mbili zimekutana katika umri mmoja.

Lakini kukaa na mama hakumwondolei baba wajibu. Baba atalisha, atavisha, atasomesha na atatibu kwa kadiri ya uwezo wake. Sura ya Baqara, aya ya 233, imeweka riziki na mavazi ya mama anyonyeshaye juu ya baba, na imekataza mama kudhurishwa kwa ajili ya mtoto wake, wala baba kwa ajili ya mtoto wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake na ya kumwona mzazi asiyekaa naye. Baba akikataa kutoa matunzo, mama na aende kwa Afisa Ustawi wa Jamii au mahakamani. Na mama anayemficha mtoto baba yake asimwone, naye anamdhulumu mtoto.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, kujua bila kutenda ni hoja dhidi yetu. Basi tunausiana mambo haya machache.

Enyi waume, andikisheni mashamba yenu kwa majina ya wawili mngali mnapendana. Vijiji vinatoa hati za hakimiliki za kimila, na hati hiyo yaweza kubeba jina la mume na la mke. Mwenye wake zaidi ya mmoja na ajue ni shamba lipi limesimama kwa mikono ya nani, asije akamlipa mmoja kwa jasho la mwingine.

Enyi wake, msinyamaze mkadhani kunyamaza ndiyo heshima. Hifadhini cheti cha ndoa, stakabadhi za bati na saruji, na wakumbukeni majirani walioona mkifanya kazi. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba ukubwa wa mchango huthibitishwa kwa ushahidi. Machozi peke yake hayawezi kumwonyesha hakimu nani alichimba matuta. Wala msidai msichokichuma, kwa maana dhuluma ya mwanamke na dhuluma ya mwanamume ni moja mbele ya Mola.

Enyi wazee, maimamu na walimu wa madrasa, tusiwe makarani wa kuandika talaka za hasira. Akitujia mtu usiku anataka karatasi, tumpe maji anywe, tumkalishe, na asubuhi tumwongoze kwenye Baraza. Huenda suluhu ikapatikana. Isipopatikana, amri ya mahakama ikishatolewa tuwahimize waisajili na kupata cheti kwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ili kila mmoja aanze maisha yake mapya kwa hati safi.

Na yule mke wa mfano wetu, aliyerudi kwao na sanduku la nguo, tusimwambie kwamba mambo yamekwisha. Tumsindikize. Aende kwenye Baraza la kata, apate hati. Aende mahakamani, aeleze habari ya nyumba, ya mashamba na ya watoto wake wanne. Mumewe naye aitwe, asikilizwe, na apewe kilicho chake. Huko ndiko kuachana kwa wema tulikoamrishwa.

Ee Mwenyezi Mungu, zihifadhi nyumba zetu, na ziunganishe nyoyo zilizofarakana. Ee Mola wetu, waliolazimika kuachana uwajaalie kuachana bila ya dhuluma, na kila mmoja umtosheleze kwa wasaa wako. Walinde watoto walio baina ya wazazi wawili. Waongoze mahakimu na wajumbe wa mabaraza katika uadilifu, na utuepushe na kula jasho la wenzetu. Wasamehe wazazi wetu na Waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliotangulia. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.